Herufi « e » isiyosikika: namna ya kuwafundisha watoto wadogo



Katika kalasi ya tatu ya shule ya msingi watoto wetu wengi wanakutana na taabu moja. Miaka miwili wamesoma Kiswahili, na wengi wao wamesoma vizuri. Sasa wanafunguliwa kitabu cha Kifaransa. Mtoto anaona neno « lune », anasoma kwa sauti safi: « lu-ne ». Anaona « porte », anasema: « por-te ». Wenzake wanacheka. Mwalimu anasema: « Hapana, hiyo e haisomwi. » Kesho yake mtoto huyu anaona neno « café », anakumbuka maneno ya mwalimu, anasoma: « kaf ». Wanacheka tena. Mtoto wa namna hiyo, asipopata msaada, huanza kunyamaza. Kalasi nzima ikisoma pamoja, yeye anafungua kinywa kama wengine. Lakini ukimwita peke yake, hasemi neno. Mwisho wa mwaka anahesabiwa kati ya wajinga, na wazazi wake wanaona afadhali ashike jembe.

Jambo hili si la waalimu peke yao. Shule nyingi za msingi katika nchi yetu ya Kongo zinasimamiwa na Kanisa, kwa mapatano yaliyofanywa na Serikali mwaka 1977. Padri anatembelea shule hizo, mseminari anafundisha humo wakati wa staji yake, na katika vijiji vingi katekista ndiye mtu wa kwanza aliyemwonyesha mtoto herufi. Kwa hiyo inafaa tufahamu vizuri hiyo « e » isiyosikika, ilitoka wapi, inafanya kazi gani, na namna gani ya kuifundisha.

Neno letu kubwa ni hili: « e » hiyo si herufi iliyokufa. Ina kazi, nayo inaifanya kwa ajili ya herufi zinazoitangulia. Mtoto aliyeonyeshwa kazi hiyo atasoma. Mtoto aliyeambiwa tu « usiitamke » atapotea njia.

I. MTOTO ANASHIKA AMRI TULIYOMPA

Tuanze na haki ya mtoto. Anaposoma « lu-ne », je, amekosa kwa uvivu? Hapana. Anashika amri ile ile tuliyomfundisha katika kalasi ya kwanza: katika Kiswahili kila vokali inasikika, na « e » ina sauti moja tu. « E » ya « pembe » ni sawa na « e » ya « wote » na ya « embe ». Tena maneno karibu yote ya Kiswahili yanaisha na vokali. Mtoto wetu tangu kuzaliwa hajazoea neno linalofungwa na konsonanti.

Ndiyo maana kinywa cha Kiswahili, kikipokea neno la Kifaransa, hukimbilia kulipa vokali mwishoni. « Valise » limekuwa « valisi », « tomate » limekuwa « tomati », « classe » limekuwa « kalasi ». Hakuna kosa hapo. Ndivyo lugha zote zinavyopokea wageni. Lakini mwalimu ajue kama mtoto ana shida mbili, wala si moja. Shida ya kwanza ni ya macho: anaona « e », anataka kuisoma. Shida ya pili ni ya kinywa: hata akijua kama « e » haisomwi, kinywa chake hakijui kufunga neno juu ya konsonanti. Atasema « luni » au « porti ». Mwalimu asiyetenganisha shida hizi mbili atasahihisha moja na kuiacha nyingine.

Wala watoto wetu si peke yao katika taabu. Mwaka 2003 mtaalamu Philip Seymour wa Scotland na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, ambao walikuwa karibu kumaliza mwaka wa kwanza wa kusoma. Waliwapa maneno ya kawaida, kila mtoto katika lugha yake mwenyewe. Watoto wa Finland, ambao lugha yao inaandikwa kama inavyosikika, walisoma sawasawa maneno 98 katika 100. Watoto wa Ufaransa walisoma 79. Watoto wa Scotland, wanaosoma Kingereza, walisoma 34 tu. Basi, kama mtoto aliyenyonya Kingereza pamoja na maziwa ya mama yake anashindwa hivyo, sisi tutawezaje kumwita mjinga mtoto wa Kongolo au wa Uvira?

II. HIYO « E » ILITOKA WAPI?

Waliosoma Kilatini wana msaada mkubwa hapa. Tutazame maneno haya: « porta » limekuwa « porte », « luna » limekuwa « lune », « terra » limekuwa « terre », « schola » limekuwa « école », « missa » limekuwa « messe », « vita » limekuwa « vie ». Sasa tutazame haya mengine: « murum » limekuwa « mur », « filum » limekuwa « fil », « panem » limekuwa « pain ».

Tunaona nini? Kilatini kilipogeuka polepole kuwa Kifaransa, vokali za mwisho wa maneno zilidhoofika. Nyingi zilianguka kabisa, kama katika « mur » na « fil ». Lakini « a » ilikuwa na nguvu kuliko nyingine. Haikuanguka mara moja, ikageuka kuwa sauti ndogo iliyoandikwa « e ». Basi mara nyingi « e » ya mwisho katika Kifaransa ni kivuli cha « a » ya Kilatini. Katika maneno mengine, kama « livre » lililotoka katika « librum », ilibaki kwa kuzisaidia konsonanti mbili zilizosongamana.

Zamani watu waliitamka « e » hiyo. Kisha katika maneno ya kila siku ilizidi kufifia hata isisikike, lakini mwandishi hakuiondoa. Hata leo, katika upande wa kusini wa Ufaransa, watu wengi wanaitamka kidogo. Na katika nyimbo inafufuka: neno « gloire » katika maneno ya kawaida lina silabi moja, lakini waimbaji mara nyingi wanalipa noti mbili, « gloi-re ». Tutarudi kwa jambo hili, maana watoto wetu wanaimba Kifaransa kanisani kabla ya kukisoma.

III. KAZI YAKE NI NINI?

Mwenye kufundisha ashike kazi tatu za « e » hiyo.

Kazi ya kwanza: inaifungulia mlango konsonanti inayoitangulia. Katika Kifaransa, konsonanti nyingi zikiwa mwisho wa neno hukaa kimya. Katika « petit » hatusikii « t » ya mwisho. Tukiongeza « e », « petite », ile « t » inasikika. Ndivyo ilivyo katika « vert » na « verte », « rond » na « ronde », « gris » na « grise », « saint » na « sainte ». Na « n » nayo: katika « bon » inaingia puani pamoja na « o », katika « bonne » inatoka nje, inasikika wazi.

Kazi ya pili: inalainisha « c » na « g ». Katika « sac », herufi « c » inatamkwa kama « k » ya Kiswahili. Katika « glace », kwa sababu ya « e », inatamkwa kama « s ». Katika « rouge » na « page », « g » ni laini. Pasipo « e », msomaji angepotea.

Kazi ya tatu ni ya macho kuliko ya masikio: inaonyesha kama tunasema juu ya mwanamke au juu ya kitu cha jinsia ya kike. « Ami » na « amie », « René » na « Renée »: katika Ufaransa wengi wanayatamka sawa. Lakini wale waliofundishwa na Wabelgiji wanajua jambo lingine. Katika Ubelgiji watu wengi huvuta vokali inayofuatwa na « e » ya mwisho: « ami » ni fupi, « amie » ni ndefu. Mtu akisikia wazee wetu wakivuta « amie » na « Renée », asiwacheke. Walipokea matamko ya waalimu wao, na matamko hayo yana asili yake.

Hapo ndipo « e » isiyosikika inapokutana na urefu wa sauti, nao watoto wetu wanaujua. Katika Kiswahili « kufa » si « kufaa », na « kata » si « kataa ». Katika lugha nyingine za nyumbani kwetu, kama Kiluba na Kibemba, urefu wa vokali hutenganisha maneno, ingawa mara nyingi hatuuandiki. Sikio la mtoto wetu ni kali upande huo. Tulitumie.

IV. NAMNA YA KUFUNDISHA, HATUA KWA HATUA

Mwalimu asianze na ubao. Aanze na sikio, kisha kinywa, kisha mikono, na mwisho macho. Hatua hizi zinataka muda wa majuma manne au matano, robo saa kila siku, wala hazitaki fedha.

Hatua ya kwanza: majina ya watoto. Katika kalasi yoyote kuna Denis na Denise, Louis na Louise, François na Françoise, Jean na Jeanne, Simon na Simone, Martin na Martine. Hayo ni kitabu ambacho mtoto amekuja nacho shuleni. Mwalimu aseme jina moja, na watoto waonyeshe: kama ni la mvulana, wakae, kama ni la msichana, wasimame. « Denis! » Wanakaa. « Denise! » Wanasimama. Baada ya siku mbili au tatu awaulize: « Mmejuaje? » Watasema wenyewe: « Mwalimu, jina la msichana linaongeza sauti mwishoni. » Hawajaona herufi hata moja, lakini wamekwisha kupata kanuni.

Hatua ya pili: kufunga kinywa. Watoto waseme « sac », « mur », « bol », « sel », bila kuongeza « i » wala « u » mwishoni. Mwalimu awaambie waweke kiganja mbele ya midomo na kushika sauti ya mwisho: « murrr », « selll ». Wakisema « seli », waanze tena bila kelele wala fimbo. Jambo hili ni zoezi la misuli, kama kujifunza kupiga ngoma, halihusu akili.

Hatua ya tatu: vijiwe. Katika karne ya 20 mtaalamu wa Umoja wa Kisovieti, Daniil Elkonin, aliwazoeza watoto kuweka kipande kimoja mahali pa kila sauti ya neno, kabla ya kuandika. Sisi tuna vijiwe, tuna punje za mahindi. Kila mtoto awe na kumi. Mwalimu aseme « mur »: watoto waweke vijiwe vitatu. Aseme « lune »: vitatu tena. Kisha aseme « Denis »: vijiwe vinne, kwa kuwa « s » haisikiki. Aseme « Denise »: vitano.

Hatua ya nne: herufi. Sasa mwalimu aandike majina hayo mawili ubaoni, moja chini ya lingine, na watoto watafute kijiwe cha tano ni cha herufi gani. Mazungumzo yawe hivi:

Mwalimu: Denis ana herufi ngapi?
Watoto: Tano.
Mwalimu: Na vijiwe vingapi?
Watoto: Vinne. « S » haina kijiwe.
Mwalimu: Denise je?
Watoto: Herufi sita, vijiwe vitano.
Mwalimu: Kijiwe kilichoongezeka tukiweke chini ya herufi gani? Chini ya « e »?
Watoto: Hapana, Mwalimu. Chini ya « s ».
Mwalimu: Basi « e » imefanya nini?
Watoto: Imeipa « s » sauti.

Jibu hilo la mwisho ni somo lote. « E » haina kijiwe, lakini imempatia jirani yake. Mwalimu asiliseme yeye. Angoje mpaka watoto waliseme. Wakikawia, arudi kwa Louis na Louise.

Hatua ya tano: kuisoma. Kwa majuma mawili mwalimu aandike « e » hiyo ndogo, au apige mstari mwembamba chini yake, watoto waitambue. Kisha aondoe alama hiyo. Awafundishe kanuni moja ya macho: kabla ya kufungua kinywa, tazama mwisho wa neno. Msomaji wa Kiswahili huenda mbele silabi kwa silabi, wala hahitaji kujua neno litaishaje. Msomaji wa Kifaransa hawezi kufanya hivyo; akifika kwa « t » ya « petite » lazima awe amekwisha kuona « e ». Kwa hiyo katika siku hizo mwalimu afunike neno kwa mkono, na kulifunua mwisho kwanza.

Hatua ya sita: imla fupi na sentensi. Maneno matano tu kila siku, mawili mawili: « petit, petite », « rond, ronde ». Kisha sentensi yenye maana, juu ya vitu ambavyo mtoto anavijua: mlango, mwezi, shule, mama. Na aulizwe daima: « Umesoma nini? Maana yake ni nini kwa Kiswahili? » Kusoma sauti pasipo kufahamu ni kupiga kelele tu.

V. MITEGO YA NJIANI

Kanuni ikiisha kushikwa, na si mbele, mwalimu aonyeshe mitego.

1. « É » yenye alama husikika daima. « Marche » si « marché », na « porte » si « porté ». Yafaa kuwaambia watoto kama « é » ndiyo « e » yao ya Kiswahili. Mtoto aliyesoma « kaf » mahali pa « café » hakufundishwa tofauti hii.

2. Katika maneno madogo, « le, de, je, me, te, ce, que », « e » ndiyo vokali ya pekee. Hainyamazi kabisa isipokuwa katika maneno ya haraka. Tuseme basi: « e » hunyamaza mwishoni mwa neno ambalo lina vokali nyingine.

3. « S » ya wingi haiiamshi « e »: « portes » husomwa kama « porte ». Na katika vitendo, « ils parlent » husomwa kama « il parle ». Lakini katika « dent » na « vent », zile herufi « en » zinasikika puani. Somo hili lingoje kalasi ya nne.

4. Nyimbo. Mtoto aliyezoea kuimba « gloi-re » na « ter-re » atauliza kwa nini darasani ni namna nyingine. Ajibiwe kweli: wimbo unahifadhi matamko ya zamani, na muziki unahitaji silabi. Mkubwa wa waimbaji na mwalimu wapatane, wasimvute mtoto huku na huku.

VI. « E » YA KINGEREZA

Wasomaji wengine watauliza: na Kingereza je? Swali hilo ni la kweli. Shule zetu za sekondari zinafundisha Kingereza. Tena familia nyingi za Kongo zimekimbilia Uganda, katika kambi kama Nakivale na Kyangwali, na huko watoto wanakutana na Kingereza shuleni wakiwa wadogo. Katekista aliye kati yao anaulizwa kila siku.

Kingereza nacho kina « e » ya mwisho isiyosikika, lakini kazi yake ni nyingine. Katika Kifaransa inaifungulia konsonanti. Katika Kingereza inaruka konsonanti moja na kuigeuza vokali iliyo nyuma yake. « Kit » inasikika « kit », lakini « kite » inasikika « kait ». « Cap » ni « kap », « cape » ni « keip ». « Hop » ni « hop », « hope » ni « houp ». « Pin » ni « pin », « pine » ni « pain ».

Sababu yake iko katika historia. Zamani « e » hiyo ilitamkwa: neno « name » lilikuwa na silabi mbili, karibu kama Mswahili angelisoma, « naa-me ». Silabi ya kwanza ilikuwa wazi, na vokali yake ikavutwa. Karibu na mwaka 1400 « e » ilikuwa imekwisha kunyamaza, lakini urefu wa vokali ulibaki. Kisha, katika miaka mia mbili au tatu iliyofuata, vokali ndefu za Kingereza ziligeuka sauti, mpaka « naa-me » likawa « neim ». Mwaka 1582 mwalimu Richard Mulcaster wa London alitoa kitabu juu ya kuandika Kingereza, na humo alieleza kazi hii ya « e » ya mwisho. Basi tangu zaidi ya miaka 400 waalimu wamejua kama herufi hiyo haikai bure.

Hapa kuna hatari tatu kwa watoto wetu.

Hatari ya kwanza ni jina lenyewe. Waalimu wa Kingereza huita sauti hizo « vokali ndefu ». Mtoto wetu akisikia « ndefu » hufikiri « saa » na « kaa ». Kwa hiyo husoma « cape » akivuta: « kaap ». Amefanya alivyoambiwa, naye amekosa. Tumwambie wazi: zamani zilikuwa ndefu kweli, leo ni sauti nyingine.

Hatari ya pili ni kanuni inayopendwa katika nchi za Kingereza, kama « e » inaifanya vokali « iseme jina lake ». Ni kanuni nzuri kwa mtoto ambaye anaita « a » kwa jina « ei », « i » kwa jina « ai », « o » kwa jina « ou ». Lakini mtoto wa Kongo amejifunza majina ya herufi kwa namna ya Kiswahili na ya Kifaransa. Kwake jina la « i » ni « i ». Ukimwambia « i inasema jina lake », atasoma « kite » kama « kit », na ana haki. Basi kwanza afundishwe majina ya herufi kwa Kingereza, kwa muda wa juma moja au mawili, kisha apewe kanuni.

Hatari ya tatu ni maneno yanayovunja kanuni: « have », « give », « love », « come », « some », « done ». Mengine yana sababu: Kingereza hakipendi neno liishe na « v », kwa hiyo « e » imewekwa hapo kwa kulifunga neno tu. Hayo yakaririwe, machache machache, baada ya kanuni kushikwa.

Vijiwe vinafaa hata hapa, kwa namna nyingine. « Kit » lina vijiwe vitatu. « Kite » nalo lina vitatu. Hakuna kilichoongezeka. Kwa hiyo mwalimu atumie punje za mahindi, na kwa vokali iliyogeuka aweke haragwe jekundu. « Kit »: mahindi matatu. « Kite »: hindi, haragwe, hindi. Mtoto anaona kwa macho yake kama « e », iliyokaa mwishoni pasipo punje, imebadili punje ya katikati. Kisha afundishwe kufunga kinywa, maana asipoangaliwa atasema « kiti », na Mwingereza hatajua kama anataka kukaa.

Mtoto anayesoma lugha hizi mbili asichanganyiwe masomo kwa juma moja. « Table » la Kifaransa na « table » la Kingereza yanaandikwa sawa, hayasikiki sawa. Lugha moja ishikwe kwanza, mwaka mzima ikiwezekana.

VII. MAUSIA KWA WENYE KUSIMAMIA

Katiba ya mwaka 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Wengine wanasema afadhali mtoto aanze na Kifaransa siku ya kwanza, asipate tabia mbaya ya kusoma kila herufi. Sisi hatufikiri hivyo. Mtoto aliyeshika Kiswahili amekwisha kujua jambo lililo kubwa kuliko yote: kama herufi zinabeba sauti, na sauti zinabeba maana. Hilo hajifunzi mara mbili. Anachobaki kujifunza ni kama katika lugha nyingine herufi zinasaidiana kwa namna nyingine. Lakini daraja hilo lijengwe; mtoto asitupwe mtoni aogelee peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu mambo machache.

Padri anayetembelea shule asiridhike na kalasi inayosoma pamoja kwa sauti moja. Katika sauti ya watoto sitini, sauti ya mtoto asiyejua haisikiki, kama ile « e ». Achague watoto watano, akae nao chini ya mti, kila mmoja asome mistari miwili. Kwa muda wa nusu saa atajua hali ya kalasi kuliko kwa kutazama daftari za mwalimu. Naye mwalimu asimwogope; wazungumze pamoja juu ya watoto waliokwama na hatua ambayo wamekwama.

Mseminari aliye katika staji aandike katika daftari yake makosa ya watoto kama walivyoyasema: « lu-ne », « luni », « kaf ». La kwanza ni kosa la macho, la pili ni la kinywa, la tatu ni la kanuni iliyofundishwa nusu. Kila moja lina dawa yake, nasi tumekwisha kuzionyesha.

Katekista asiyejua Kifaransa vizuri asifikiri kama hana kazi. Mchezo wa majina na mchezo wa vijiwe anaweza kuufanya kijijini kwa Kiswahili chenyewe: « kata » na « kataa », « kufa » na « kufaa ». Mtoto aliyezoezwa kusikiliza mwisho wa maneno katika lugha yake atafika kalasi ya tatu na sikio lililo tayari.

Na fimbo ikae mbali. Mtoto anayesoma « lu-ne » ametuonyesha kama anajua kusoma Kiswahili na kama anaitii kanuni. Yafaa tumsifu kwanza, kisha tumwonyeshe kanuni ya pili. Ndugu wapenzi, mwaka wa shule ukianza tena, jaribuni hatua hizi katika kalasi moja tu, kwa majuma matano, na mwangalie ni watoto wangapi kati ya walionyamaza watakaoinua mkono.